Mstari Mwekundu kwenye Jina la Twaiba

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Mimi ni mtu wa bahati. Sijisifu – daftari halina masikio, nitajisifu kwa nani? Naandika kwa kuwa ni kweli. Wengine huzaliwa na nyota yao. Mimi yangu niliinyonya! Mama aliponizaa kule Tiwi alishikwa na homa, maziwa yakakatika, na aliyenichukua ni Bi Kheri, muuza vitumbua, mwanamke ambaye hata akichomeka kijiti mchangani kinatoa majani. Akaninyonyesha hadi nikashiba. Tangu hapo mambo yangu ni mteremko. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini Kijerumani nakitema, Kiitaliano nakitafuna, Hamburg nimefika – wiki tatu, baridi ilitaka kunivua masikio – na miaka kumi na mitano nimetembeza ngamia ufukweni Diani, nikiwapandisha Wazungu na kuwashusha wazima. Na sasa? Mtaalamu wa kompyuta! Mtu wa ngamia!

Leo ndiyo leo. Kiongezo chetu kimetoka. Kiko kwenye mtandao, dunia nzima inaweza kukichukua.

Niandike vizuri, nikizeeka nisome nielewe. Sisi ni wawili, mimi na Mercy, binti wa Nakuru. Yeye ana digrii, mimi nina mdomo. Tuna chumba Msambweni juu ya duka la saruji, tunaandika nasaba za watu wa pwani: nani mtoto wa nani, nani mke wa nani, nani alimnyonyesha nani. Kila habari ni sentensi ya vipande vitatu – mtu, uhusiano, mtu – halafu nukta. Sentensi zinashikana kama nyuzi za wavu: vuta jina moja, ukoo mzima unakuja. Lugha yenyewe inaitwa Turtle. Kasa! Nikamwambia Mercy, kasa sisi twamjua, akishataga harudi kuangalia mayai. Na lugha hii ni hivyo hivyo, sahau nukta moja uone inavyokutupa. Ndiyo kazi ya kiongezo. Unakipachika kwenye kihariri, ile programu ya kuandikia, kinakukalia begani kama mama mkwe. Kinapaka maneno rangi. Kinakumalizia majina. Ukikosea kinapiga mstari mwekundu chini yake, wa mawimbi mawimbi, kabla hujaharibu.

Ndani yake kuna faili la mfano, la kumfundishia mgeni. Sentensi ya kwanza kabisa: Swabir – alinyonyeshwa na – Bi Kheri. Nukta. Shahidi: Swabir, yaani mimi. Mercy alitaka tuweke John na Mary kama watu wote. Nikamwambia John na Mary hawana bahati.

Jumatano, 3 Septemba

Watu arobaini na mmoja wamekichukua! Mmoja yuko Brazili. Brazili, mimi mtoto wa Tiwi!

Mtu wa Uholanzi ameandika kuuliza, huu uhusiano wa "alinyonyeshwa na" ni wa nini, mbona hajapata kuuona kwenye data yoyote. Nikamwamuru Mercy: andika. Nikatembea chumbani mikono nyuma kama waziri. Mwambie kwetu ziwa ni ukoo. Walionyonya ziwa moja ni ndugu hata kama hawafanani hata kucha, na ndugu hawaoani. Mwambie Ustadh Sharif hapa Msambweni ameshavunja ndoa mbili zenye watoto, kwa kuwa nyanya fulani alikumbuka jambo akiwa amechelewa. Kwa hiyo kiongezo chetu kina kanuni ya ziwa. Ukiandika ndoa ya watu ambao maziwa yamewaunganisha, hata kwa kupitia baba au shangazi – mwekundu!

Kanuni nilisema mimi, akaandika Mercy. Alipomaliza akasema, "Hii ni kali, msee." Nikamwambia, "Mimi si msee, mama. Mimi ni mzee, nina binti anaolewa."

Na kweli anaolewa! Twaiba wangu, Ijumaa ya tarehe tatu Oktoba. Bwana harusi ni Feisal wa Lunga Lunga, anashughulikia karatasi za malori pale mpakani. Kijana ana adabu hadi inachosha. Shikamoo yake ukiipokea mlangoni anakupa nyingine kwenye kiti.

Ijumaa, 5 Septemba

Baada ya sala Ustadh Sharif kaniuliza mbele ya watu: hiyo mashine yenu inaweza kutumika kabla ya nikaha, au ni ya kuwafurahisha Wazungu tu? Nikasimama. Nikasema, ustadh, anza na binti yangu! Twaiba na Feisal wawe wa kwanza pwani nzima! Watu wakaguna kwa heshima. Mzee mmoja kanishika mkono na hakuuachia hadi viatuni.

Nyumbani Subira hakuguna. Mke wangu huyu! Kasema, "Kwa nini lazima uwe wa kwanza kila pahali? Hata kwenye chanjo ulikuwa wa kwanza, ukazimia."

Sikuzimia. Nilikaa chini ghafla.

Jumanne, 9 Septemba

Lunga Lunga, kwa Saumu, dada yake Feisal. Mama yao alifariki miaka sita iliyopita, Saumu ndiye mama wa wote sasa. Alinikalisha, akanipakulia wali na samaki wa kupaka, nikala kwa mkono wa kulia na kuandika kwa wa kushoto. Ukoo mzima! Mama: Mwanatumu binti Sefu. Mababu hadi wa tano. Kabla ya kuolewa huku, Saumu akasema, mama aliolewa kwanza upande wa Tiwi na mtu aitwaye Mbarak Chome, mkamua mafuta ya nazi, wakaachana. Nikaandika. Niliandika kila kitu! Nikigonga tu "Mwa" kiongezo kinaniteremshia majina kumi na tisa – Mwanatumu, Mwanaisha, Mwanakombo – na wanawake wote wamejazana nyuma ya kiti wakicheka. Bibi mmoja kasema, "Kinajua mpaka mimi? Hebu niandike na mimi." Nikamwandika. Jina lake likatokea na rangi, bluu. Akasema kwa nini bluu, yeye si maiti. Nikambadilishia kijani. Akaniombea dua ndefu.

Saumu alinisindikiza hadi njiani. Kasema, "Baba Twaiba, Feisal ndiye kitinda mimba wetu. Mama aliniachia mikononi mwangu. Nikimwona kwake na mkewe, nitalala." Nikamwambia lala tangu leo, dada, harusi hii imeshafungwa.

Alhamisi, 11 Septemba

Nina akili jamani! Nilimwambia Mercy wiki iliyopita: mtu wa pwani ana majina kama alivyo na kanga. La kwao, la ukweni, la utani, la baada ya kuhiji. Tukimwandika mara mbili kompyuta inadhani ni wawili. Leo amenitengenezea dawa. Kiongezo kikiona majina mawili yenye mume au baba mmoja, mji mmoja, miaka inayofuatana, kinaweka kitaa cha manjano pembeni: huenda ni mtu mmoja. Ukigonga, kinawaunganisha, na kila habari ya huyu inakuwa ya yule.

Tumejaribu. Kimempata ami yangu, tulikuwa tumemwandika mara mbili na wake tofauti! Mercy alicheka akalia. Mimi nilicheka kidogo. Mke wa kwanza hajui.

Waliokichukua: mia tatu na kumi na mmoja.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika usiku huu huu.

Tulijaa chumbani. Ustadh Sharif kwenye kiti kizuri. Feisal na Saumu. Subira wangu na Twaiba, amevaa buibui jipya. Mercy kwenye mashine inayorusha picha ukutani. Nilitundika shuka jeupe. Nikatoa hotuba. Nikataja Hamburg.

Nikaandika mbele yao: Twaiba – ataolewa na – Feisal. Nukta. Safi! Hakuna mstari. Watu wakapumua, Saumu akapiga kigelegele kidogo cha kuanzia. Ningezima pale! Lakini mimi nikaona kitaa cha manjano pembeni. Nikasema, ngojeni, ngojeni, niwaonyesheni kitu ambacho hata Ulaya hawana! Mercy kaninong'oneza tuache hiyo, ni ya kazi ya ofisini. Nikagonga.

Mwanatumu binti Sefu. Mume wa kwanza, Mbarak Chome wa Tiwi. Na kutoka faili la Tiwi, alilolichapa Mercy mwezi wa Juni kwa maneno ya wazee wa huko: Bi Kheri, muuza vitumbua. Mume, Mbarak Chome. Huenda ni mtu mmoja.

Nikamuuliza Saumu, Tiwi mama alikuwa akifanya nini? "Akiuza vitumbua," akasema.

Na mimi – mimi huyu! – nikafurahi! Nikapiga makofi! Nikasema mnaona, imempata, Bi Kheri ndiye mama yenu! Nikagonga "unganisha."

Shuka lote likawa jekundu. Chini ya jina la Twaiba, chini ya jina la Feisal, mawimbi mawimbi. Mercy akasoma kile kijisanduku kwa sauti kabla hajafikiri: "Swabir alinyonyeshwa na Mwanatumu. Feisal ni mwana wa Mwanatumu. Kwa hiyo Feisal ni ami yake Twaiba kwa ziwa." Halafu akafunga mdomo kwa mkono.

Ustadh akanigeukia. Kisha kwa upole kabisa: "Swabir, ni kweli ulinyonya kwa mama huyu?"

Macho yote kwangu. Saumu ananitazama kama aliyemwona mtu akitoka kaburini. Miaka ishirini na zaidi naisema hadithi hii. Ulimi unaijua njia peke yake.

Nikasema, "Hadi nikashiba, ustadh."

Twaiba akainuka akatoka. Hakukimbia. Alivaa viatu vyake, vya kufunga kamba, akazifunga zote mbili, tukiwa tunamtazama. Feisal akabaki anasoma ukuta kutoka juu hadi chini, kama karatasi ya lori iliyokosa muhuri.

Jumapili, 14 Septemba

Twaiba hajala. Mlango wake umefungwa. Nimesimama nje nikamwambia utani wa ngamia na Mjerumani. Tangu akiwa mtoto haujashindwa. Leo umeshindwa.

Mercy kapiga simu. Yule Mholanzi amesikia kwamba kanuni imekamata ndoa ya kweli, ndoa hai, na anasema haijatokea popote, wanataka tukaeleze kwenye mkutano wao! Tiketi ya ndege! Moyo ukaruka, Mungu anisamehe, uliruka kwelikweli. Mercy kasema, "Mzee, pole sana. Lakini kitu yetu inafanya kazi." Inafanya kazi. Kinachoingia ndicho kinachotoka.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimepata njia! Nilikumbuka nikiwa bafuni, nikatoka na povu. Madhehebu yetu yasema mara tano! Mtoto akinyonya chini ya mara tano za kushiba, hawi ndugu! Basi mimi nilinyonya tatu. Bahati yangu inabaki, Twaiba anaolewa, kila mtu amefurahi.

Nikafika kwa Ustadh Sharif jua halijakolea.

"Ustadh, nimekumbuka. Zilikuwa mara tatu."

"Nani alikuhesabia?"

"Mimi mwenyewe."

"Ukiwa na umri gani?"

"... Mwezi mmoja. Na kidogo."

Akavua miwani. "Bwana Swabir, mimi nina miaka sitini na sita, na sikumbuki nilikula mara ngapi wiki iliyopita. Mama yako yu hai?"

"Ametangulia, ustadh. Nilikuwa na miaka thelathini."

"Bi Kheri naye ametangulia. Na Jumamosi, mbele yetu sote, ulisema hadi ukashiba. Ukiniletea shahidi nitasikiliza. Ukiniletea hadithi, bwana, hadithi ninazo."

Akanipa kahawa. Alikuwa ananihurumia! Hilo ndilo linaloniuma.

Jumanne, 16 Septemba

Mercy alikwenda benki. Nilibaki ofisini peke yangu. Nikafungua kihariri, nikaweka kidole juu ya sentensi ya kwanza, ile ya mimi na Bi Kheri, nikaifuta.

Wekundu wote ukatoweka! Mara moja! Kama mvua iliyokatika. Twaiba – ataolewa na – Feisal, safi, nyeupe. Niliruka nikagonga kichwa kwenye rafu.

Halafu kikatokea kijisanduku: Sentensi hii ina shahidi: Swabir. Andika sababu ya kuifuta.

Hiki kijisanduku nilikitaka mimi. Mercy alisema kitachosha watu, mimi nikasema la, hapa kuna watu wanaofuta ndugu zao kwenye urithi, lazima mtu aseme sababu na jina lake libaki. Nilipiga meza! Sasa nimekaa mbele yake saa nzima. Niliandika "makosa ya kuchapa." Nikafuta. Niliandika "habari mpya." Nikafuta. Kihariri kinangoja tu, kile kijiti cha kuandikia kinapepesa, kinapepesa. Nikasikia viatu vya Mercy ngazini, nikairudisha sentensi pahali pake.

Wekundu ukarudi.

Akaniuliza kichwa kimefanya nini. Nikasema rafu.

Jumatano, 17 Septemba

Alasiri. Naandika chumbani, nimejifungia.

Wamekuja kutoka Lunga Lunga. Nilidhani wamekuja kutulaumu, nikatoka na uso wa kuombea radhi. Kumbe! Saumu na nduguze wawili wa kike, na Feisal nyuma yao amebeba kikapu. Saumu kanitazama, kanishika mashavu kwa mikono miwili, mbele ya majirani, kasema, "Kaka."

Walikaa mkekani na Saumu akaeleza. Mama yao, maisha yake yote, alikuwa akiwaambia kwamba alimwacha mwana Tiwi. Si wa tumbo. Wa ziwa. Mtoto wa jirani, mama yake alifariki siku ile ile ya kumzaa, akamlea kwa maziwa yake hadi alipoachika na kurudi kwao. Mwaka mzima alikuwa akimlilia. Hata akiugua mwishoni alikuwa akiuliza, yule mwana wa Tiwi, je, alikua? Hawakujua jina la kumtafutia. Kisha Jumamosi wakaliona ukutani.

"Tumepoteza harusi," kasema Saumu, "lakini tumempata mwana wa mama. Labda ndivyo Mungu alivyotaka." Akatoa kanga kwenye kikapu. Ya mama yao. Imefuliwa, imekunjwa, inanukia udi. Akaniwekea mapajani.

Wanalia wote. Subira naye. Feisal halii, anawapitishia wanawake glasi za maji mmoja mmoja, na akifika kwangu anasema, "Karibu, kaka," kwa adabu ile ile, na sauti inakatika katikati. Twaiba amesimama kwenye mlango wa jikoni. Mara ya kwanza kwa siku nne namwona uso. Anamtazama Feisal akiniita kaka.

Hakuna aliyeona. Watu wamejaa mkekani na hakuna hata mmoja aliyeona! Mtoto wanayemtafuta wao, mama yake alifariki siku ya kuzaliwa kwake. Mama yangu mimi kafariki nina ndevu. Subira alimwosha kwa mikono yake. Kompyuta ingepiga mstari. Watu hawapigi mstari, wanalia tu na kukuwekea kanga mapajani.

Nikasema nakwenda kutawadha. Hiyo ni robo saa sasa.

Subira amebisha mara ya pili. Kasema kwa sauti ya chini, mdomo kwenye ufa wa mlango: "Baba Twaiba, toka. Dada zako wanakuuliza."

Kanga iko hapa kitandani. Ni ya mtu mwingine. Mtu huyo ni Kalama, wa nyumba ya pili kutoka kwetu Tiwi. Tumekua pamoja, mama yangu alikuwa akimwita yatima wa Bi Kheri. Yuko hai, anaziba pancha pale njia panda, na bahati hana hata ya kuokota kifungo. Hadithi yake niliichukua nilipokwenda Diani, kwa kuwa Wazungu waliipenda, na yeye hakuwa akiitumia.

Anabisha tena.

Mimi sikunyonya kwa Bi Kheri. Mama yangu alikuwa na maziwa tele, hakuugua hata siku moja. Ni urongo. Wote. Nilisema urongo.